Kamera Inayoona Pande Zote

Mwaka jana baraza la wazee la usharika wetu liliamua kwamba kanisa na ukumbi vipigwe picha za ziara ya mtandaoni. Sababu zilikuwa njema. Vijana wetu wametawanyika, wengine Dar es Salaam, wengine Marekani na Uarabuni, nao huulizia ukumbi kwa ajili ya harusi pasipo nafasi ya kuja kuuona. Wapo pia wagonjwa na wazee wasiotoka tena nyumbani, ambao tulidhani wangefurahi kulitazama kanisa lao kwenye simu. Mimi nikapewa kuongoza maandalizi. Nilidhani ni kazi ya mafagio na madekio tu. Nimejifunza kwamba ni kazi ya dhamiri pia.

Anayepiga picha za kawaida huchagua upande. Kona ikiwa na maboksi, huipa mgongo. Kamera ya ziara haina mgongo. Husimamishwa juu ya stendi katikati ya chumba, karibu na kimo cha macho ya mtu, ikachukua nyuzi zote 360: mbele, nyuma, dari na sakafu. Kisha husogezwa hatua chache na kupiga tena, na programu huziunganisha picha hizo ili mtazamaji aweze kutembea kwa kidole kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Hata mpiga picha hana pa kusimama. Wetu alijificha nyuma ya mlango akabonyeza kwa simu. Alitupa masharti: taa zote ziwake, mapazia yafungwe kwa namna moja, na kiti kisisogezwe kati ya picha moja na nyingine. Akaongeza, "Msichotaka kionekane, kitoeni kabisa. Hapa hakuna kona ya kufichia."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Je, kupaandaa mahali ili paonekane pazuri si unafiki? Bwana Yesu aliwakemea waandishi na Mafarisayo kwa mfano wa makaburi yaliyopakwa chokaa (Mathayo 23). Lakini ni Yesu huyo huyo aliyewatuma wanafunzi wawili kuandaa Pasaka, nao wakaonyeshwa chumba kikubwa cha juu kilichokuwa tayari kimetandikwa (Marko 14). Mama anayefagia uwanja kabla wageni hawajafika hamdanganyi mtu. Basi kuandaa si kosa. Swali ni: tunatoa nini, na kwa faida ya nani?

Siku ile tulitoa vitu vya aina tatu. Aina ya kwanza ilikuwa uchafu: utando wa buibui, chupa tupu za maji, riboni za harusi iliyopita, nyaya za spika zilizolala sakafuni. Hapo hapakuwa na swali. Kumfagilia mgeni ni kumheshimu.

Aina ya pili ilikuwa mambo ya watu. Kwenye ubao wa matangazo palikuwa na majina ya wagonjwa wa kuombewa, na pembeni yake orodha ya waliokuwa hawajamaliza ahadi zao za ujenzi. Mzee mmoja alisema tuziache, nani atasoma maandishi madogo vile? Mpiga picha akamwonyesha jinsi mtazamaji anavyoweza kuivuta picha karibu hadi kila jina lisomeke. Nchini mwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kama isingekuwapo, upendo ungetosha kutuambia kwamba ugonjwa wa mtu si pambo la ukuta wetu. Tukazitoa. Ndipo mama mmoja wa kamati akauliza swali ambalo hatukulitegemea: kama tunaona aibu wageni wasome majina ya wadaiwa, kwa nini tuliyabandika mbele ya ndugu zao? Hakuna aliyejibu. Orodha ya maombi imerudi ubaoni. Ile nyingine haijarudi.

Aina ya tatu ndiyo iliyotugawa. Mlango wetu mkubwa una ngazi tano, na hakuna njia ya mteremko kwa anayetumia kiti cha magurudumu. Ikapendekezwa ziara ianzie ndani, kwa kuwa njia hiyo imo kwenye mipango yetu. "Hatutasema uongo wowote," mzee mmoja akaeleza. "Tutaanzia ndani tu." Nikapinga. Mzazi wa bwana harusi asiyeweza kutembea anaitazama picha ili ajue kama ataingia. Tukiziruka ngazi, tumemjibu, na tumemjibu vibaya. Atalijua jibu letu la kweli siku ya harusi, mbele ya wageni wake, akiinuliwa mikononi mwa vijana kama mzigo.

Mzee yule hakukosa hoja. Alinikumbusha habari za Mfalme Hezekia (2 Wafalme 20). Wajumbe kutoka Babeli walipomjia baada ya ugonjwa wake, aliwaonyesha yote, fedha, dhahabu, manukato na ghala la silaha; na nabii Isaya akamwambia kwamba yote hayo yatachukuliwa kwenda Babeli. "Kwa hiyo," akasema, "si kila kitu ni cha kuonyeshwa." Ni kweli. Lakini naona habari ile inatusaidia kuuliza vizuri zaidi. Hezekia hakuficha chochote, na bado alikosea, kwa kuwa alionyesha kwa ajili yake mwenyewe. Wajumbe hawakuihitaji dhahabu yake ili wamjulie hali. Anayetuuliza ukumbi anazihitaji ngazi zetu. Basi kipimo si wingi wa tunayoonyesha wala wa tunayofunika. Anachohitaji mgeni ili asidhurike, aonyeshwe hata kama kinatuaibisha. Kilicho cha mwingine, kifunikwe hata kama kinatupendeza. Baraza lilikubali, na ziara yetu inaanzia chini ya ngazi.

Nilirudi nyumbani nikijiona mtu wa kweli. Ningeishia hapa, lakini ningekuwa nimeficha jambo langu mwenyewe.

Kwenye benchi la tatu kutoka nyuma, upande wa ukutani, palikuwa na mto mdogo wa kitenge, umefifia na kufungwa kwa kamba kwenye mbao. Haukufanana na kitu kingine chochote kanisani. Niliufungua kwa mikono yangu nikautupa stoo pamoja na vitu vya aina ya kwanza. Sikumwuliza mtu.

Wiki chache baadaye nilikwenda kumtembelea mama mmoja mzee ambaye miguu imemzuia kuja ibadani kwa miaka miwili. Baada ya kumwamkia nilimpa simu, nami nikamwongoza kidole. Tukapanda ngazi. Tukapita mimbari na madhabahu, naye akitabasamu. Kisha akataka turudi nyuma, benchi la tatu. Akalitazama kwa muda.

"Mto wangu umekwenda wapi, mwanangu?"

Nikamweleza kwamba tulisafisha kwa ajili ya picha. Hakunikemea. Alinirudishia simu akasema, "Basi wamejua kwamba sirudi tena."

Yesu alisimulia habari za nyumba iliyofagiwa na kupambwa, kisha hali yake ya mwisho ikawa mbaya kuliko ya kwanza (Luka 11). Mathayo anaongeza kwamba nyumba ile ilikuwa tupu. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kudhani kwamba fagio laweza kuwa langu. Nilijilinda vizuri nisimdanganye mgeni asiyenijua, na sikumwona aliye wetu. Kwangu ule ulikuwa mto mchakavu. Kwake ulikuwa unasema kila Jumapili kwamba nafasi yake ipo.

Mungu haangalii kama wanadamu waangaliavyo. Samweli alifundishwa hivyo nyumbani kwa Yese. Yeye haoni aibu kwa kilichofifia. Naamini huona hata kilichoondolewa, na huuliza kilikuwa cha nani.

Jumapili iliyofuata niliutoa mto stoo, nikaufua, na nilipoufunga mahali pake niliupiga picha kwa simu nikampelekea yule mama. Ile ziara bado haijapigwa upya, kwa kuwa ni gharama, hivyo mtandaoni benchi lingali tupu. Lakini ndugu msomaji, ukija kwetu ukakaa benchi la tatu kutoka nyuma, tafadhali acha nafasi upande wa ukutani. Pana mwenyewe.