Nafaqa ya Mzazi Ni Deni

Ndugu zangu Waislamu, leo nasema jambo la majumbani mwetu hapa Ruhwa, Rwanda, mpakani na Burundi, na najua wapo litakaowachoma.

Mzazi akishaangukia kitandani, hajigeuzi wala haendi chooni mwenyewe, anahitaji mtu, sabuni, shuka, maziwa. Mituweli, bima yetu ya afya ya jamii, humsaidia matibabu. Haimlipi anayemwinua usiku. Nani alipe? Mzee mwenye shamba la mpunga kule Bugarama ahudumiwe kwa mali yake kwanza, na mirathi isigawanywe naye yu hai. Asiye na kitu, nafaqa yake, yaani matunzo yake, iko juu ya wanawe wenye uwezo. Wala mtu asingoje Ramadhani akampa mama yake zaka: deni lako hulilipi kwa haki ya maskini.

Wilayani kwetu Rusizi ipo nyumba ya Impinganzima, kama zile za Huye, Nyanza na Bugesera. Humo wanatunzwa wazee walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ambao watoto wao waliuawa. Nchi imewabeba, na ni haki yao. Wewe na ndugu zako mko hai, mnataka nani awabebee mama?

Mara nyingi mzigo humwangukia binti aliyebaki nyumbani, au mkamwana. Mkamwana (wanaume, sikieni vizuri) sheria haikumlazimisha kumuuguza mkwe. Akifanya ni hisani yake. Kaka wa Kigali hutuma faranga elfu tano siku ya Idi, kisha anapiga simu kuuliza kwa nini mama amekonda! Dada aliyeacha biashara yake akae na mama ametoa kuliko nyote. Mlipeni kama mngemlipa mgeni, tena bila kumchelewesha.

Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, watoto walioko ng'ambo, Cibitoke na Bujumbura, walipata udhuru wa kutofika. Wa kutofika, si wa kutotoa. Asiyeweza kutuma leo, aandike deni. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara imetuamrisha kuandika madeni.

Basi kabla ya Alasiri, kila familia yenye mgonjwa wa kitandani ipigiane simu. Andikeni nani anatoa kiasi gani kila mwezi, na nani analala kwa mama usiku upi. Karatasi hiyo mpeni dada anayemuuguza, aishike yeye.