Deni na Gereza

Dawa ya deni ni kulipa. Ndivyo tulivyofunzwa, nasi twasadiki. Mama wa Katubuka auzaye mawese, akimkopesha jirani, ametoa jasho lake. Asiyemrudishia kwa makusudi amwibia. Lakini je, asiyeweza kulipa ni sawa na asiyetaka?

Swali hili si geni. Mwezi wa Februari, 1824, huko London, karani mmoja, John Dickens, alitiwa katika gereza la Marshalsea kwa kuwa aliwiwa na mwoka mikate paundi 40 na shilingi 10. Mwanawe Charles, mwenye miaka 12, alikuwa kiwandani akibandika karatasi juu ya vichupa vya rangi ya viatu. Mtoto huyo akawa mwandishi mashuhuri wa riwaya, na katika Little Dorrit, iliyotoka kati ya 1855 na 1857, aliuonyesha ulimwengu gereza lile lile. Habari za baba yake mwenyewe, hata hivyo, aliwaficha watu. Hazikuenea mpaka baada ya kufa kwake mwaka 1870. Aibu ya deni ilimwangukia asiyekopa.

Na baba, je, alifunzwa na gereza? Alitoka baada ya miezi kama 3. Mwaka 1834 akakamatwa tena kwa deni. Aliyetoa fedha za kumwokoa ni yule mwana.

Tusidhani kwamba hayo ni ya Ulaya tu. Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 yamruhusu mdai aliyeshinda shauri kuomba mdaiwa awekwe gerezani kama mfungwa wa madai, kwa muda usiozidi miezi 6. Mdai ndiye agharimiaye chakula chake, wala kutoka gerezani hakufuti deni. Lakini mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976, wakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano.

Fikirini basi mvuvi wa Kibirizi aliyekopa wavu, na ziwa likamnyima dagaa. Akifungwa, mtumbwi walala mchangani, watoto hawali, na mdai aongeza gharama juu ya hasara. Huyu amekosa nini? Umaskini si hatia. Aliyeuandika mtumbwi wake kwa jina la nduguye ili usikamatwe ni mtu mwingine kabisa: huyo ana uwezo naye amedanganya, na haki yadai aulizwe.

Kwa hiyo, mdaiwa asijifiche. Aende kwa mdai kabla ya siku kufika, aseme kweli, alipe hata kidogo kidogo. Mdai naye, kabla ya kwenda mahakamani kuomba kifungo, ajiulize: huyu hataki, au hana? Akiwa hana, gereza halitamletea hata senti moja. Na wale wenye mikopo iitwayo "kausha damu" wajue kwamba aliyekaushwa damu hana nguvu ya kuvuta wavu.