Kamera Ndefu ni ya Porini, ya Mfukoni ni ya Watu

Wajukuu zangu mnaotoka vyuoni kujifunza kuongoza watalii, nanyi mnaoanza kupiga picha za harusi hapa Arusha, swali lenu ni lilelile kila mnapopita kibarazani: "Babu, tununue ipi, ile kubwa inayovuta mbali au hii ndogo ya mfukoni?" Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini wao hawakuwahi kununua jembe kwa mshahara wa miezi mitatu. Chagueni, tena msione haya kuchagua. Ila mjue mnachokinunua, kwa sababu muuza duka atawasomea namba moja tu iliyoandikwa kwenye boksi, nayo ndiyo inayosema machache kuliko zote.

Namba hiyo ni ile ya mvuto: mara 60, mara 83, mara 125. Wengi hudhani mara 83 maana yake ni kwamba twiga ataonekana mkubwa mara 83 kuliko anavyoonekana kwa macho. Sivyo. Inapatikana kwa kugawanya mwisho wa lenzi kwa mwanzo wake, basi. Nikon P900 iliyotoka mwaka 2015 inaanzia milimita 24 na kuishia 2000. Gawanya, unapata 83. Mdogo wake P1000, wa mwaka 2018, anafika 3000, ndiyo hiyo 125. Sasa tazameni Panasonic FZ82 na Nikon P600. Zote mbili zimeandikwa 60. Ya kwanza inaanzia 20 inaishia 1200. Ya pili inaanzia 24 inaishia 1440. Tembo akisimama dirishani mwa gari, FZ82 ndiyo itakayommeza mzima. Akiwa ng'ambo ya bwawa, P600 ndiyo itakayomleta. Muulizeni muuzaji lenzi inaanzia wapi na inaishia wapi. Akianza kukwepa, geuzeni boksi msome wenyewe.

Mkishajua umbali, ulizeni mwanga. Hapa ndipo vijana wengi wanapopotea, nami nitakaa hapa kidogo.

Ndani ya kila kamera ya siku hizi kuna kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga badala ya filamu tuliyokuwa tukiitia sisi. Kamera hizi kubwa zenye lenzi isiyochomoka, wenyewe wanaziita za briji, umbo lake linatisha lakini kihisi cha nyingi ni cha milimita 6 kwa 4 na nusu hivi, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Haikuwa bahati mbaya. Ndiyo njia pekee ya kuifikisha mbali bila kuifanya mzigo. Ukiitazama lenzi ya P900 kwa mbele utakuta imeandikwa 4.3 hadi 357, siyo 2000. Zile 2000 ni hesabu ya kulinganisha na filamu ya milimita 35. Kihisi kingekuwa kipana kama filamu ile, lenzi ya kufika huko usingeivaa shingoni.

Sasa shikeni Sony RX100, ile ya kwanza ya mwaka 2012. Ina gramu 240, inaingia mfuko wa shati. Kihisi chake ni cha milimita 13.2 kwa 8.8. Fanyeni hesabu ya eneo: ni mara nne ya kile cha P900. Kamera ndogo ndiyo yenye jicho kubwa. Wateja wengi hucheka wakiambiwa hivyo, mpaka wapewe picha mbili zilizopigwa ukumbini saa tatu usiku.

Isitoshe, tundu la lenzi halibaki vilevile ukivuta. P900 inaanza na tundu la f/2.8, ikifika mwisho inabaki na f/6.5. Mwanga unaoingia unakuwa chini ya moja ya tano ya ule wa mwanzo, tena unaangukia kihisi kidogo. Kamera ikikosa mwanga ina njia mbili tu. Ama ichukue muda mrefu kupokea picha, bibi harusi akigeuza shingo sura inafifia. Ama ipandishe ISO, yaani usikivu wake kwa mwanga, picha ikajaa chenga kama televisheni isiyo na antena. RX100 inaanzia f/1.8. Mshenga akiinuka kusema neno chini ya taa hafifu, yenyewe bado inaona. Nayo si malaika: ukivuta hadi mwisho wake, milimita 100, tundu linashuka hadi f/4.9. Na milimita 100 porini si kitu. Simba wa mbali atatoka nukta ya kahawia kwenye majani ya kahawia.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kuongoza watalii, nunua ndefu. Kwenye hifadhi gari haliruhusiwi kuacha barabara likamfuate mnyama, na ndivyo inavyopasa. Faru wa Ngorongoro mara nyingi anakaa katikati ya tambarare, mbali na njia zote, na mgeni aliyevuka bahari kuja kumwona anamtafuta kwa macho asimpate. Ukimwonyesha kwenye kioo cha kamera yako pembe, masikio, na ndege aliyetua mgongoni, siku yake imekamilika. Ziwa Manyara nako heroe hukaa mbali na ukingo. Kamera ya mfukoni itakupa mstari wa waridi tu.

Lakini lenzi ndefu ina masharti. Saa saba mchana, ardhi ikishapata moto, hewa inachemka kati yako na faru. Utavuta hadi 2000 na utapata mnyama anayeyeyuka. Hakuna kamera inayotibu hilo, hata ya bei gani. Piga asubuhi, kabla jua halijakaza. Pili, umbali huo hukuza hata pumzi yako. Chukua mfuko mdogo wa kitambaa, jaza mchele au maharage, uweke kwenye ukingo wa dirisha, laza lenzi juu yake, na umwambie dereva azime injini. Kamera hizi zina tundu la kuchungulia, litumieni. Ukiibana kamera usoni inatulia kuliko ukiishika mbele kama sinia, na jua halikuzuii kuona. Nyingi za mfukoni hazina tundu hilo, na juani kioo chake kinakuwa cheusi. Mwezi pia unaipendeza P900, na ndio ulioipa umaarufu: watu wengi waliijua kwa video za kuuvuta mwezi mpaka mashimo yake yanahesabika. Kama picha hiyo inafaa kuwa ushahidi wa kuandama, hilo nawaachia masheikh. Jua, msilielekezee lenzi hiyo kamwe.

Nanyi wa harusi, ubarikio, na mambo ya mitaani, nunueni ya mfukoni yenye kihisi kinachoitwa cha inchi moja, kama kile cha RX100. Nasisitiza kihisi, kwa sababu nyingi za mfukoni za bei ya chini, dukani huitwa kompakti, zina kihisi kilekile kidogo cha zile za briji, bila umbali wake. Hizo ndizo zilizozikwa na simu. Mwaka 2010 viwanda vya Japani vilisafirisha kamera zaidi ya milioni 100 za lenzi isiyochomoka, hizi kubwa na ndogo pamoja. Mwaka 2021 zilikuwa kama milioni 3. Ukiuziwa kompakti ya namna hiyo leo umenunua simu isiyopiga simu. Kuna wanaotaka vyote, umbali na kihisi kipana, na ipo: Sony RX10 IV ya mwaka 2017, yenye kihisi cha inchi moja na lenzi ya kufika 600. Ina zaidi ya kilo moja, na bei yake itakufanya uahirishe kuoa.

Sasa nije kwenye lile ambalo muuza duka hatawaambia. Lenzi ndefu inakupa uwezo wa kumpiga mtu picha bila yeye kujua, na uwezo huo ni mbaya mkononi mwa kijana. Nimewaona watu wakikaa juu ya paa la hoteli Mji Mkongwe wakiwavuta akina mama waliojitanda, wamesimama madirishani mwao, wakiamini hawaonwi. Nimewaona wengine ndani ya gari wakimvuta mzee wa Kimasai malishoni, dirisha limefunguliwa kidogo tu, kisha gari linaondoka. Mzee hakusalimiwa wala hakuulizwa, na sura yake imekwenda kwenye kalenda za watu asiowajua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, lakini adabu tulikuwa nayo kabla ya sheria hiyo.

Kamera ya mfukoni inakulazimisha usogee. Ikifika milimita 70 au 100 uko hatua chache kutoka kwa mtu. Huwezi kufika hapo bila "shikamoo", bila kueleza wewe ni nani na picha inakwenda wapi. Akikataa umekwisha kujua, unashukuru na kuondoka. Akikubali, atakutazama, na uso unaokutazama kwa hiari haufanani na ule ulioibwa. Wazee hawatishiki mbele ya kitu kidogo. Ukiwatolea jitu la P1000, lenye karibu kilo moja na nusu, wanadhani umetoka gazetini. Na askari naye anadhani mengine. Karibu na kambi ya jeshi au uwanja wa ndege usiinyanyue kabisa, hata kama unamtafuta kunguru.

Nanyi waongoza watalii, mgeni akikuomba umvutie mtu kutoka mbali, mwambie gari linasimama, tunashuka, tunasalimia kwanza. Wengi watafurahi kuliko ulivyodhani.

Mkinunua mtumba, na wengi wenu mtanunua mtumba, msitoe hela kabla ya kufanya haya. Washeni kamera, vuteni lenzi hadi mwisho na kuirudisha mara kadhaa, sikilizeni kama inakwaruza. Kisha pigeni picha ya ukuta mweupe au mawingu, tundu likiwa dogo kabisa, mkaikuze kwenye kioo. Doa la kijivu linalokaa mahali palepale kila picha ni vumbi lililoingia ndani, na lenzi zisizochomoka hazifutwi kwa kitambaa. Ni lazima fundi aifungue. Hizi za mfukoni, lenzi yake ikitoka na kuingia, hufyonza vumbi zaidi. Nunueni betri ya pili siku hiyohiyo, na risiti muichukue.