Sekunde Mbili za Kukataa

Watu wakiniuliza kwa nini nafunga lenzi ya kizamani kwenye kamera ya kisasa, huwa najibu neno moja: pesa. Lenzi mpya inayoona vizuri gizani inaweza kumeza kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Helios 44-2 ya milimita 58, iliyotengenezwa enzi za Muungano wa Sovieti, unaipata mtumba bila kuumiza mfuko hivyo. Jibu ni la kweli, ila siku hizi naona halitoshi.

Kila aina ya kamera ina umbali wake kati ya mahali lenzi inapofungwa na sensa. Lenzi za skrubu ya M42, kama Helios, zinataka milimita 45.46, kwa sababu kamera za wakati huo zilikuwa na kioo cha kuinuka ndani. Kamera za leo zimetupa kioo hicho zikawa nyembamba: kwa Sony E umbali ni milimita 18 tu. Adapta ni bomba fupi la chuma linalojaza zile milimita 27 na kitu zilizobaki. Haina waya, haina chipu. Kamera haijui hata kama kuna lenzi, lazima uingie kwenye menyu uiruhusu ipige bila lenzi. Kuanzia hapo ni mkono wako na jicho lako.

Sasa beba kitu kama hicho hadi Eneo la Viwanda Thika, saa kumi na mbili asubuhi. Kuna viwanda vya nguo, vya mafuta ya kupikia, vya ngozi, vya kuunganisha magari. Nje ya mageti kadhaa utakuta vibarua wamesimama, wakingoja kujua kama leo watachukuliwa. Wengine wametoka Makongeni na Kiandutu kwa miguu. Mwanga ni mzuri ajabu. Nyuso pia.

Kamera ya leo ikiwa na lenzi yake inatafuta jicho la mtu yenyewe. Kabla hajageuka, ushamchukua na ushaondoka. Helios haikubali hivyo. Ukiifungua hadi f/2 na mtu yuko mita mbili mbele yako, sehemu inayoonekana kali ni sentimita kumi na kidogo. Unasimama, unageuza pete, unarudisha, unapumua. Mtu anakuona. Ana kama sekunde mbili za kuamua: kutabasamu, kugeuka, kujifunika na leso, au kuuliza, “Kijana, hiyo picha inaenda wapi?”

Swali hilo si dogo. Kibarua aliyepigwa picha getini, ikasambaa na maneno makali ya mtu mwingine juu yake, anaweza kukuta kazi yake imeota nyasi. Mimi nitapata likes. Yeye atapoteza siku, pengine mwezi.

Ni rahisi kusema basi lenzi ya mkono ina maadili kuliko ile ya haraka. Hapana. Waliokuja pwani yetu enzi za ukoloni walikuwa na kamera za polepole kuliko yangu, na bado walichapisha kadi za posta za Zanzibar na Mombasa zenye watu wasio na majina, wameandikwa kabila tu kama bidhaa dukani. Muda wa kukataa ulikuwepo. Nguvu ya kukataa haikuwepo.

Halafu kuna upande wa pili. Juni 2024, barabarani, watu walitoa simu wakarekodi haraka, na haraka hiyo ndiyo ilileta ushahidi. Nani angeomba ruhusa kwa polisi aliyeinua bunduki? Kwa hivyo sidhani upole ni deni tunalowadai wapiga picha wote, kila mahali. Aliye na mamlaka hana haki ya kufichwa anapoyatumia. Anayengoja getini ana haki ya kuulizwa.

Sheria imeanza kusema hivyo pia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Lakini yule mama wa getini hatakwenda ofisini kulalamika, kwa sababu hiyo ni nauli, na ni siku bila mshahara. Ulinzi wake wa karibu ni wewe uliyeshika kamera.

Folda yangu ya Thika ina picha chache. Wengi waligeuka, nikashusha kamera. Baadhi ya nyuso hizo bado nazikumbuka, na zingetoka fiti sana. Zimebaki za wenyewe.

Si lazima ununue Helios. Hata simu yako inaweza kungoja sekunde mbili.