Lebo za Magunia

Tuchukue mfano wa karani wa kikundi cha wakulima wa mahindi Ntimaru, kule Kuria Mashariki. Ni wa kubuni, ila ofisi kama yake unaijua. Kesho lori linakuja, na kila gunia linatakiwa kuwa na lebo: jina la mkulima, simu, unyevu, tarehe ya kupimwa. Jedwali lake la Excel linapendeza. Simu zote zinaanza na 07. Safu ya unyevu inaonyesha 13.5%, kiwango cha juu ambacho bodi ya nafaka, NCPB, hukubali. Anafungua Word, anaiunganisha na jedwali, anabofya, na karatasi za gundi zinaanza kutoka kwenye printa. Hasomi hata moja.

Asubuhi mzee mmoja anaisogeza lebo karibu na macho. "Kijana, mahindi yangu mmeyapima na mashine gani?"

Imeandikwa 0.13500000000000001. Simu yake imebaki na tarakimu 9. Tarehe 5 Agosti imetoka 8/5, kwa mtindo wa Marekani; Migori nzima itaisoma kuwa tarehe 8 Mei.

Karani ataapa kwamba aliandika sawasawa, na ni kweli. Alichokosa ni kujua kwamba fomati ya seli ni nguo tu, na Word huja kuchukua mwili. Ndani ya Excel, 13.5% ni 0.135. Simu iliyoingizwa kama namba haina sifuri ya mbele, hata kama fomati inaionyesha kwenye skrini; ndivyo hata msimbo wa posta wa Nairobi, 00100, unavyogeuka 100. Word za miaka ya 1990 zilikuwa zikisoma jedwali kwa njia ya DDE, iliyobeba namba jinsi zinavyoonekana. Tangu Word 2002 njia ya kawaida ni OLE DB, nayo hubeba thamani tupu.

Dawa ya kwanza iko kwenye Excel, na binafsi ndiyo ninayoipendelea. Ongeza safu pembeni uandike =TEXT(C2,"0.0%") kwa unyevu na =TEXT(B2,"0000000000") kwa simu, kisha lebo zisome safu hizo mpya. Simu ambazo bado hujaziingiza, ifanye safu yake kuwa ya maandishi kwanza, ndipo uandike. Ila usichanganye namba na maandishi kwenye safu moja: kwa kawaida OLE DB hutazama mistari 8 ya kwanza ili kukisia aina ya safu, na kisicholingana kinaweza kutoka kitupu.

Dawa ya pili iko kwenye Word. Bonyeza Alt na F9 uone misimbo ya sehemu, kisha baada ya jina la safu ya tarehe ongeza \@ "dd/MM/yyyy". Hiyo M lazima iwe kubwa, kwani m ndogo ni dakika. Kwa pesa, \# "#,##0.00" inatosha. Asilimia ndiyo inayosumbua huku, maana lazima kwanza uizidishe kwa 100; hivyo iachie TEXT.

Halafu toa ukurasa mmoja kwenye karatasi ya kawaida, umpe mtu ambaye hajaliona jedwali akusomee kwa sauti. Karatasi ya gundi ikishachapwa, dukani hairudi.