Kulala na Kukaa

Msomaji wangu, lugha yetu ina maneno mawili ambayo kila mtu huyatumia bila kuyapima: kulala na kukaa. Mtu akiulizwa, "Unakaa wapi?" hutaja mahali kilipo kitanda chake, na muuliza huridhika na jibu hilo. Lakini je, mahali mtu anapolala ndipo anapokaa? Swali hili laonekana dogo. Hata hivyo, kwa muda wa miaka mitatu lilinifuata kama kivuli, na siku moja lilinitia haya mbele ya mjane. Ningependa tulipime pamoja, kwa sababu wengi wenu, mtakapomaliza masomo na kutafuta kazi, mtalikuta njiani likiwangojea.

Nyumba yangu iko katika mteremko wa Mlima Kenya, upande wa Embu, karibu na msitu wa Irangi, pale mashamba ya chai yanapokoma na miti mikubwa kuanza. Mlima huo, ambao Wameru huuita Kirimara, na Wakikuyu huuita Kirinyaga, una kimo cha mita 5,199, nao ni wa pili kwa urefu katika Afrika baada ya Kilimanjaro. Mwaka 1949 ulifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 1997 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni hutoka Ujerumani, Uingereza, Marekani na kwingineko kuja kuupanda. Wengine hupitia Naro Moru, upande wa magharibi. Wengine hupitia Sirimon, baina ya Nanyuki na Timau. Na wengine hupitia Chogoria, upande wa mashariki, njia ambayo husifiwa sana kwa uzuri wa mabonde na maziwa yake. Huko Chogoria vijana wengi hupata riziki kwa kuwaongoza wageni na kuwachukulia mizigo.

Si ajabu, basi, kwamba kila nilipotaja kwetu kwa walimu wenzangu wa mjini, waliniambia, "Una bahati wewe! Unakaa mahali ambapo wengine hulipa fedha nyingi ili wapaone kwa siku tano." Nami nilicheka na kukubali, kama mtu anayepokea sifa isiyo yake.

Miaka hiyo mitatu nilikuwa nikifundisha katika shule moja pembezoni mwa Nairobi. Kodi ya nyumba mjini ilikuwa nzito, mke wangu alikuwa na chai ya kutunza, nami sikutaka watoto wetu walelewe mbali na babu na bibi yao. Nikachagua kusafiri kila siku. Niliondoka nyumbani saa kumi alfajiri, nikapanda matatu mpaka mji wa Embu, kisha nyingine iliyokata mashamba ya mpunga ya Mwea, ikapita Makutano na Thika, na saa moja asubuhi nilikuwa shuleni. Jioni nilirudi kwa njia ile ile, nikafika kwangu usiku. Sikuwa peke yangu. Tulikuwa na makarani, wauguzi na wafanya biashara, tukajuana kwa viti vyetu kuliko kwa majina yetu. Wale wa Meru, ambao safari yao hupita kilomita 200, hawawezi kwenda na kurudi kwa siku moja. Aghalabu huondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa. Ukitaka kuwaona, simama Ijumaa jioni katika kituo cha Tea Room jijini Nairobi, uwatazame walivyobeba mikate na sukari ya nyumbani.

Siku moja, nikiwa safarini, nilipiga hesabu. Saa tatu kwenda na saa tatu kurudi ni saa sita kwa siku. Kwa siku tano ni saa 30. Kwa majuma 40 ya mwaka ni saa 1,200. Gawanya kwa 24, utapata siku 50 kamili, mchana na usiku wake. Kila mwaka nilikuwa nikiishi siku 50 ndani ya gari.

Hesabu ya pili ilikuwa kali zaidi. Mlima wetu huonekana vizuri asubuhi na mapema. Aghalabu kabla ya saa nne mawingu huwa yameufunika. Nasi tulio karibu na Ikweta hatuna majira ambayo jua huwahi sana au kuchelewa sana: mwaka mzima huchomoza na kuchwa karibu na saa kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo niliondoka kabla ya mlima kuonekana, nikarudi baada ya giza kuuficha. Jumamosi nililala mpaka mchana kwa uchovu, kisha nikasahihisha madaftari. Mgeni wa siku tano kutoka Ujerumani aliuona mlima wangu kuliko nilivyouona mimi kwa muhula mzima.

Lakini kutouona mlima halikuwa kosa kubwa. Sikiliza nililolifanya.

Chini ya nyumba yangu, penye kona ya njia iendayo kituoni, palikuwa na nyumba ya mzee mmoja aliyesimamia mfereji wa maji wa kijiji chetu. Kila alfajiri nilipopita niliona taa inawaka dirishani mwake. Nilimstahi sana kwa hayo. Hata darasani, mbele ya wanafunzi wa mjini, nilimtolea mfano: "Kwetu kuna mzee ambaye umri haujamfundisha uvivu. Saa kumi alfajiri taa yake inawaka." Wanafunzi waliandika maneno hayo katika madaftari yao.

Jumamosi moja niliona watu wamekusanyika nyumbani kwa mzee huyo, nikaambiwa amefariki. Nilikwenda kutoa rambirambi. Nikamwambia mjane wake, "Pole sana, mama. Tumempoteza mtu wa bidii. Kila alfajiri nilipopita niliona taa yake, nikajua mzee amekwisha kuamka."

Alinitazama kwa upole, bila hasira, akasema, "Mwalimu, hakuwa akiamka. Hakuwa akilala. Taa ile ilikuwa ya kumgeuza na kumpa maji. Miezi minne." Kisha akaongeza, "Naye alizijua hatua zako. Ukipita alikuwa akisema, 'Mwalimu anakwenda. Mungu amfikishe salama.'"

Sikuwa na neno la kujibu. Mtu aliyelala kitandani asiweze kujigeuza alikuwa amekaa nami kwa miezi minne, akanijua kwa hatua zangu na kuniombea safari. Mimi niliyekuwa na miguu mizima nilipita hatua chache kutoka dirishani pake mara mbili kwa siku, nikaugeuza ugonjwa wake kuwa hadithi ya bidii.

Pengine utanitetea, msomaji. Utasema kwamba kazi ni wajibu, kwamba mlima haulipi karo ya watoto, na kwamba mtu hawezi kulaumiwa kwa kufuata riziki iliko. Maneno hayo ni ya kweli, wala sitayapinga. Tena si sisi wa kwanza kuondoka. Katika wakati wa utawala wa Waingereza, kodi ya nyumba iliwalazimisha wanaume wa Meru na Embu kwenda kutafuta kazi ya fedha katika mashamba ya walowezi na mjini Nairobi. Walikuwa mbali na watu wao kwa miezi, na pengine kwa miaka.

Tofauti yetu na babu zetu hao ni moja. Babu alipoondoka, alijua kwamba ameondoka, na kijiji kilijua. Alimwachia ndugu yake ng'ombe, akamwagiza jirani amtazamie wazee, na aliporudi aliuliza mambo yote yaliyopita: nani amezaliwa, nani mgonjwa, nani amegombana na nani. Sisi tunaorudi kila usiku hatuagi wala hatuulizi. Barabara imetudanganya kwamba tuko mahali pawili, na kwa sababu hiyo hatumwachii mtu yeyote nafasi yetu. Wahenga walisema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Lililo baya zaidi ni lile linaloponyoka pole pole, usiku, mwenyewe akidhani bado liko mkononi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Ikiwa kulala si kukaa, je, kukaa ni kupaona mahali na kupapenda? Kama ndivyo, mgeni ndiye mkaaji bora, maana yeye hutazama kwa macho mapya. Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder, pamoja na waongozaji wawili wa Ulaya, César Ollier na Joseph Brocherel, walifika katika kilele kirefu cha mlima wetu. Mackinder alikiita Batian, kwa jina la mganga mkuu wa Wamasai, kisha akaondoka. Vitabu vinamkumbuka kwa haki, kwa kuwa alifanya jambo gumu. Lakini hakuna atakayesema kwamba Mackinder alikaa kwetu. Aliuona mlima kuliko wengi wetu, na mlima haukumdai chochote baadaye. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naona maana yake si kumfukuza mgeni tu. Maana yake ni kwamba jembe ndilo linalomtenga mgeni na mkaaji.

Naam, hapo ndipo nilipopata jibu langu, nalo lilitoka katika mfereji wa yule mzee. Majuma mawili baada ya maziko, maji yalikoma kufika katika bustani za chini. Majani yalikuwa yamejaa pale maji yanapochepuliwa mtoni, na ukingo ulikuwa umebomoka mahali pawili. Kijiji kizima kiliuliza nani atafanya kazi ya marehemu. Nikakumbuka kwamba mwaka uliotangulia nilikuwa nimekwenda kusahihisha mitihani kwa majuma matatu. Niliporudi, nje ya nyumba yangu hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza nilikuwa wapi. Mzee alikosekana kwa majuma mawili na mboga zikanyauka. Mimi nilikosekana kwa matatu na hakuna kilichobadilika. Yeye alikuwa akikaa pale, mimi nilikuwa nikilala pale.

Basi nasema hivi: mahali unapokaa ni mahali ambapo usipokuwapo pengo huonekana. Haitoshi kuwa na hati ya shamba, wala kuzaliwa hapo, wala kulipa karo ya watoto wa ndugu zako kwa simu, ingawa mambo haya yote ni mema. Sharti kuwe na kazi, hata iwe ndogo, ambayo inakungoja wewe, na watu wanaojua kwamba inakungoja.

Sikuacha kazi yangu ya mjini siku ile. Nilikuwa na mkopo wa kulipa, na ualimu hauhamishwi kwa kutaka tu. Lakini niliwaendea wazee wa mfereji, nikaomba kazi inayowezekana Jumamosi. Wakanipa ya kuufuata mfereji toka mtoni mpaka bustani ya mwisho, kuondoa majani na kuziba ukingo. Jumamosi ya kwanza nusura nitume udhuru kwa sababu ya uchovu. Nilikwenda hivyo hivyo, na saa mbili asubuhi, nikiwa nimeinama na jembe, niliinua macho nikauona mlima wote hauna wingu. Barafu yake ni kidogo mno sasa. Sehemu kubwa ya ile aliyoikanyaga Mackinder imekwisha yeyuka. Nilihuzunika, kisha nikaona kwamba huzuni yenyewe ilikuwa mpya kwangu. Mtu hawezi kusikitikia kupungua kwa kitu asichokitazama.

Wanafunzi wapendwa, sisemi msiende mjini. Barabara kubwa ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, imefupisha safari zetu, na wengi wenu mtaipita kila juma. Nendeni, mfanye kazi kwa uaminifu, mpate riziki. Wala msidhani kwamba pengo haliwezi kupatikana mjini: yuko mtu aliyepanga chumba kimoja Kasarani naye anakaa pale kuliko mwenye nyumba, kwa kuwa anajua ni mtoto gani wa jirani aliyeshinda na njaa. Lakini popote mtakapoweka kitanda, tafuteni na mfereji wenu. Msipoutafuta, siku itafika mtakuwa na nyumba nzuri penye mandhari ambayo dunia nzima huisifu, na ndani yake mtakuwa wageni wasiolipa hata kiingilio.

Siku hizi mtu akiniuliza ninakaa wapi, husita kidogo kabla ya kujibu. Natamani nawe usite. Na ukipita alfajiri ukaona taa inawaka katika nyumba ya jirani, usiipe maana ya kichwani mwako. Jumamosi rudi, ubishe hodi, uulize hali.