Gharama ya Ndege kwa Mtu Mmoja
Tangu 1957, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees walipoanzisha huduma ya udaktari kwa ndege Afrika Mashariki, swali la haki halijaisha: kwa nini ndege imfuate mjamzito mmoja wa Turkana anayevuja damu, ilhali fedha hizo zingechanja watoto wengi? Hoja hiyo ina uzito. Lakini chanjo nayo hutegemea imani ya watu, na mama akiachwa afe kwa sababu tu anaishi mbali na barabara, kijiji kizima kimeambiwa thamani yake.

Wengine husema siku zikifika hakuna daktari. Sikubali. Kadari hatuijui, wajibu tunaujua. Muuguzi anayehakikisha hewa iliyonaswa kifuani mwa majeruhi imetolewa kabla ya safari, kwa kuwa hutanuka ndege inapopaa, hashindani na Mungu. Anatumia maarifa aliyojaliwa. Akilazimika kuchagua kati ya wawili, hupima ndege itamfaa nani zaidi. Anayebaki hajapungukiwa utu, na bado anamdai muuguzi huyo uangalizi uleule.